Karata Thelathini na Moja

Baba,

Ulikosea. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika kitu. Habari za nyumbani utazipata, usiwe na haraka, lakini kwanza lipokee hili: kuhusu belote, ule mchezo wenu wa karata, kuhusu jina lake na kule ilikotoka, ulikosea. Na mtu uliyemcheka mbele ya watu ndiye aliyekuwa karibu na ukweli.

Naijua sura uliyoiweka sasa. Umeshusha miwani hadi kwenye ncha ya pua na unaniuliza, "Neema, ushahidi uko wapi?" Ninao, Mwalimu. Keti.

Nakuandikia kwenye meza yako ya kukunja hapa Guildford, Sydney, ile uliyoiokota kando ya barabara siku watu walipotoa vitu vyao nje vichukuliwe na lori la manispaa, ukasema watu wa nchi hii wana kichaa, wanatupaje meza nzima. Mguu mmoja bado umewekewa kadibodi. Jana ilikuwa levée de deuil yako, tumeondoa matanga. Mwaka umekwisha, baba. Sijui umekwendaje. Nimefanya shifti, nimelala, nimefanya shifti. Nguo nyeusi niliivua jana jioni, na leo asubuhi nimevaa blauzi ya njano, nikajitazama kwenye kioo nikaona haya, kana kwamba nimeazima nguo ya mtu bila ruhusa.

Kwa miezi mitatu niliiogopa siku ya jana, na hofu yenyewe ilikuwa na jina: Baba Solange. Desturi yetu unaijua. Kabla nguo za msiba hazijavuliwa, mkubwa wa familia anasimama na kuuliza kama yupo aliyekosana na marehemu. Aseme, asikilizwe, yaishe. Baada ya hapo mdomo unafungwa, na ugomvi ambao haukusemwa siku ile wanaurithi watoto. Mimi sikutaka kuurithi wenu. Tena ugomvi wa karata, jamani! Watu wanagombana kwa ajili ya mashamba. Ninyi wawili, wazee wenye mvi, mliokula sahani moja kwenye kambi ya wakimbizi miaka yote ile, mliachana kwa sababu ya jina la mchezo.

Acha niisimulie ile Jumamosi mimi, maana wewe ulikuwa unaisimulia kwa namna yako.

Mlikuwa wanne kama kawaida. Wewe na Baba Solange mmekaa mkitazamana, timu moja. Otieno, yule nesi Mkenya, na Nestor, Mrundi wa ghala la Minto, timu ya pili. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga sambusa, mlango wazi, nasikia kila neno. Turufu ilikuwa kopa. Baba Solange akapiga mfalme wa kopa mezani na kupaza sauti, "Belote!" Kisha akafanya vituko vyake.

Nakukumbusha kana kwamba umesahau, lakini najifurahisha tu kuandika. Mwenye mfalme wa turufu na malkia wake, dame, mkononi anapata pointi ishirini, ila lazima azitangaze: "Belote" anapocheza wa kwanza, "Rebelote" anapocheza wa pili. Akinyamaza, hana kitu. Sasa Baba Solange, akishasema "Belote", ile karata ya pili hakuikalisha pamoja na nyingine. Aliitia kwenye mfuko wa shati, ncha inachungulia, kisha akaupigapiga mfuko. "Bibi harusi yuko chumbani," alikuwa anasema. Na wewe kila mara, "Karata zikae mkononi, Baba Solange, hapa si sokoni!" Kila mara mlicheka, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Siku ile Otieno akauliza. Otieno na maswali yake! "Kwani belote ni nini, hilo jina limetoka wapi?" Nawe ukalaza karata kifudifudi, ukavua miwani, na Mwalimu akarudi darasani. Ulisema belote ni mchezo wa wafalme wa Ufaransa, wa mamia ya miaka, uliochezwa ikulu kwenye viti vya dhahabu. Ulisema Belote lilikuwa jina la malkia mmoja aliyependwa mno, ndiyo maana mfalme na dame wake wakikutana lazima watangazwe. Ulisema vizuri, baba, sikatai. Nilisimama kusikiliza mpaka sambusa zikaungua upande mmoja.

Baba Solange akasema hapana. Akasema baba yake, Mzee Kisimba, alikuwa mpishi kule kwetu, mji wa Kalemie, nyumbani kwa mwenye duka mmoja Myahudi. Tajiri yule alikuwa anacheza na wageni wake, na Mzee Kisimba akipanga sahani alisikia mazungumzo yao. Kwamba Wafaransa wenyewe wameupata mchezo huu juzijuzi tu, kutoka kwa watu wa kabila la tajiri, waliofika Ufaransa na mizigo yao wakitokea mashariki. Na kwamba kwao, kabla hawajafika huko, mfalme na mwenzake waliitwa bela.

Ukacheka. Ningeweza kukirudisha kile kicheko kooni kwako, ningekirudisha. "Historia haiandikwi jikoni," ulisema. "Mpishi atamsahihisha mtu aliyefundisha Kifaransa maisha yake yote?" Nestor naye akacheka. Otieno akaangalia chini. Na mimi nilikuwa jikoni, baba, na mwiko mkononi. Hilo uliwahi kulifikiria?

Baba Solange alisimama, akazitupa mezani karata zilizobaki mkononi mwake. Hakupiga kelele. "Baba yangu alikuwa mpishi," alisema, "lakini alikuwa na masikio." Akachukua kofia yake, akaenda kupanda treni arudi kwake Minto.

Wiki ya kwanza ulisema atarudi mwenyewe. Ya pili ulisema akitaka kubaki huko abaki. Otieno alipopendekeza kumleta mtu mwingine wa kukaa kiti kile, ulimjibu karata hazitoshi. Nilidhani ni hasira tu inaongea. Nilipotaka kukununulia karata mpya Bankstown ulinifokea, "Hizi zina kasoro gani? Itarudi." Nikajiuliza nini itarudi, amani, hamu, nini? Lakini ulikuwa umeshafungua televisheni.

Hata hospitali. Siku zile mbili za mwisho uliniuliza kama karata zako nimezifunga na mpira wake. Nikasema zimefungwa. "Usizichanganye na zingine," ukasema. "Itarudi." Nikakuitikia ndiyo baba, ndiyo baba, vile ninavyowaitikia wazee wangu kazini wanapoita majina ya ndugu waliokufa zamani. Nisamehe. Ulikuwa na akili zako zote, na mimi nilikujibu kama mgonjwa.

Kwenye mazishi Baba Solange alikuja. Alisimama nyuma kabisa, karibu na magari, na muda wote mkono wake ulikuwa kifuani, upande wa kushoto. Nilimwambia Solange ampeleke baba yake akapimwe moyo. Akampeleka, kweli. Moyo ulikuwa mzima.

Sasa ushahidi.

Pale kazini kwangu Bankstown, kwenye nyumba ya wazee, tuna bibi mmoja anaitwa Ilona. Alikuja Sydney msichana mdogo, kwa meli, na mama yake, kutoka Hungaria, baada ya ile vita kuu ya pili. Hasumbui mtu. Baada ya chakula anafuta sinia lake kwa kitambaa na kupanga karata, anacheza peke yake mikono yote minne. Nilimpelekea chai mara ngapi sijui bila kuangalia. Siku moja nikaangalia. Niliona tisa imeipiga ase, ile karata kubwa. Nikasema moyoni, bibi huyu amechanganyikiwa. Kisha vale, yule kijana aliye chini ya malkia, akaipiga tisa. Nikasimama. Unajua mwenyewe, baba, ni mchezo gani ambao vale wa turufu anampiga kila mtu na tisa inamfuata nyuma yake! Kisha bibi akachukua mfalme na malkia, akawalaza pamoja, na akasema polepole, kwake mwenyewe, "Bela."

Chai ilimwagika. Niliifuta kwa aproni.

Kuanzia siku ile nilikuwa nikimaliza shifti siendi nyumbani. Nakaa na Bibi Ilona. Nilikuwa na maswali mengi kuliko Otieno. Yeye hajaulizwa kitu na mtu yeyote miaka mingi, alifurahi mpaka akaanza kujipaka rangi ya mdomo siku za zamu yangu. Kwao mchezo waliuita klaber. Vale wa turufu anaitwa yas, tisa inaitwa menel, na mfalme na mwenzake, wakiwa mkono mmoja, ndiyo bela, pointi ishirini. Ishirini zilezile! Niliuliza babu yake, aliyemfundisha, alichezea wapi. Nilitegemea aseme mkahawani, au sebuleni. Akasema jikoni, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na moto.

Nilicheka peke yangu kwenye basi njia nzima. Ningetoa chochote uwepo nikwambie.

Halafu subiri, bado. Nilimweleza habari ya malkia wako aliyependwa sana. Bibi akakohoa kwa kicheko mpaka nikampigapiga mgongo. Karata za babu yake hazikuwa na malkia! Hakuna dame hata mmoja. Kulikuwa na kopa, na majani, na kengele, na mbegu za mti fulani wa kwao, na juu kulikuwa na mfalme na chini yake askari wawili, mkubwa na mdogo. Bela ilikuwa mfalme na askari wake mkubwa. Huyo ndiye bibi harusi wa Baba Solange, baba, mwanaume mwenye masharubu na upanga.

Hapo nikashikwa na hamu ambayo sikuwa nayo tangu ufe. Nilikuwa naamka na swali. Nilienda maktaba ya Bankstown siku zangu za mapumziko, nikamsumbua yule binti wa kaunta, nikasoma kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, Kifaransa chako, ulichonifundisha kwa kunipiga vidole kwa rula. Na nitakueleza kwa haki, maana hata wewe ulitufundisha kutosema zaidi ya tunachojua. Hakuna anayejua kwa hakika. Wengine wanasema alikuwepo Mfaransa mwenye jina la ukoo linalofanana na hilo, akaziweka sawa sheria, na mchezo ukachukua jina lake. Wengine wanasema jina limetoka kwenye hiyo bela. Lakini juu ya umri wake wanakubaliana: Ufaransa una miaka mia moja hivi, basi. Hakuna ikulu wala viti vya dhahabu. Mizizi yake wanaifuata hadi Uholanzi, kisha Ujerumani, kisha Hungaria na nchi za jirani, na wanasema waliouingiza Ufaransa ni Wayahudi waliohama kutoka huko mashariki, siku za ile vita kuu ya kwanza. Na mizigo yao. Mzee Kisimba alisikia sawasawa, akiwa na sahani mikononi.

Na kitu kingine, ambacho hakikuhitaji maktaba. Vale ni nani? Ni mtumishi. Wewe mwenyewe ulinifundisha neno hilo. Miaka yote ulituambia ni mchezo wa wafalme, na mtumishi akiwa turufu anawapiga wote, mfalme akiwemo. Hukuliona hilo, au ulijifanya hulioni?

Basi nikamwahidi Bibi Ilona nitamletea karata zako tucheze kwa namna yetu. Nilizitoa kwenye droo, nikavua mpira, nikazihesabu kama ulivyonizoesha kabla ya kuchanga. Thelathini na moja. Nikahesabu tena. Nikaangalia chini ya kochi, nikavuta friji, nikamwaga droo nzima kitandani. Nikazipanga kwa rangi na mojawapo ikakosekana: dame wa kopa.

Nilikaa chini sakafuni, baba. Turufu ilikuwa kopa siku ile. Alisema "Belote" na hakuwahi kusema ya pili. Ile karata iliondoka naye, mfukoni mwake. Nawe ulijua. Ulijua siku zote iko wapi, ndiyo maana karata hazikutosha, ndiyo maana hukutaka mpya. "Itarudi." Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Watu wazima wawili, mmoja Guildford na mwingine Minto, mmekaa mnangojeana kwa sababu ya kipande cha karatasi, na simu mnazo!

Niliendesha gari mpaka Minto Jumapili iliyofuata. Nilibeba ndagala, dagaa zetu zile kavu nzuri, na unga wa muhogo. Solange akanifungulia, baba yake yuko kwenye kiti chake anatazama mpira. Sikukaa kwenye kochi, nilikaa kwenye zulia. Nikamwambia nimekuja na mdomo wa baba yangu, kwa sababu yeye hawezi tena kuja. Nikamweleza yote, Bibi Ilona, jikoni kwa babu yake, askari mwenye upanga, maktaba. Alizima televisheni. Aliniuliza swali moja mara tatu: "Alisema bela yeye mwenyewe? Hukumwambia wewe?" Nikamjibu mara tatu. Akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Mzee Kisimba."

Nilimwomba msamaha kwa ajili yako. Akasema asante mwanangu, nimesikia, lakini jambo lile lilisemwa mbele ya watu. Nilimkaribisha kwenye matanga, akasema ataona. Karata sikumwuliza. Ungenivuta masikio kama ningemwuliza mchezaji ana nini mkononi.

Njiani kurudi nilielewa alichotaka, na nikaogopa. Kumsema baba yangu, mbele ya watu, siku yake mwenyewe. Nilipomweleza Shangazi, aliyekuja kutoka Brisbane kuongoza shughuli kwa sababu yeye ndiye mkubwa wenu, alinikata palepale. "Marehemu hasemwi vibaya siku ya matanga yake. Utatuaibisha, na utamwaibisha yeye." Nikajibu hajui jinsi ile sura ya Baba Solange ilivyokuwa siku ile, mimi niliiona kutoka jikoni. Akaniambia niendelee kukata vitunguu.

Sasa jana. Tulipiga hema nyuma ya nyumba. Sombe ya majani ya muhogo, wali, samaki, kila kitu kama ulivyopenda, ila pilipili Shangazi alizidisha. Otieno alikuja na nguo za kazi, moja kwa moja kutoka zamu. Nestor amepata leseni ya lori, ameshaanza kutembea kifua mbele. Nilitoa meza yako, nikaweka viti vinne na zile karata katikati, zimefungwa na mpira. Kiti cha Baba Solange kilikuwa kitupu wakati wa kula, kikawa kitupu wakati wa sala, na bado kilikuwa kitupu Shangazi aliposimama na kuuliza kama yupo aliyekosana na marehemu.

Alisubiri kidogo tu, vile anavyofanya mtu anayejua hakuna jibu. Nikasimama.

Nikasema jina lako lote. Nikasema ulikuwa mwalimu mzuri na baba mzuri, na kwamba ulimkosea mtu katika nyumba hii, mbele ya meza hii. Nikasema ulimcheka baba yake kwa sababu alikuwa mpishi. Nikasema nimetafuta, nimesoma, nimeuliza, na Mzee Kisimba wa Kalemie alisema kweli, na wewe hukuwa na kweli, na mimi mtoto wako naomba msamaha kwa niaba yako mbele ya watu walewale. Shangazi alikuwa ananitazama kwa macho ambayo unayajua. Sikumtazama. Nilitazama geti, kwa sababu pale, karibu na mapipa ya taka, alikuwa amesimama mtu wa suti nyeusi na mkono wake kifuani. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

Watu wakampisha. Alikuja moja kwa moja kwenye kiti chake, kile cha kutazamana na chako, akakaa. Akatia vidole kwenye mfuko wa shati, ndani ya koti. Karata ilikuwa imepinda, imechukua umbo la kifua chake, pembe zimeisha. Hakuipiga mezani. Aliilaza taratibu na kuinyoosha kwa kiganja.

"Rebelote," akasema, kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka. Nestor aliinamisha kichwa. Na Otieno, baba, Otieno ambaye hajawahi kukubali pointi moja bila kubishana, alisema, "Ishirini." Basi. Ishirini.

Baba Solange alituambia baadaye kwamba aliigundua siku ileile, ndani ya treni, alipotafuta kadi yake ya nauli. Alitaka kuirudisha Jumamosi iliyofuata. Kisha akasema moyoni, Mwalimu apige simu kwanza. Siku ya mazishi aliileta ili aiweke ndani ya jeneza, mkono ukakataa. Alikuwa na wewe kifuani, kwa hiyo nilivyomtuma akapimwe moyo sikukosea sana.

Shangazi ndiye aliyenivua kitambaa cheusi kichwani. Hakusema nimefanya vema, unamjua. Alisema tu, "Kaa, wanakungoja." Nilikuwa sijaelewa. Walikuwa wameshachanga karata, na kiti kilichobaki kilikuwa chako.

Nimekaa kwenye kiti chako, baba. Nilicheza vibaya sana. Nilitupa tisa ya turufu bila sababu na Baba Solange akanifokea mbele ya wageni wote kwamba nina digrii ya uuguzi lakini sina akili ya karata. Nilifurahi kufokewa. Hakuna aliyenifokea katika nyumba hii kwa mwaka mzima.

Nakuahidi mawili, kisha nikuache upumzike. Jumamosi ijayo nampeleka Baba Solange Bankstown, kwa Bibi Ilona. Nimeshamwambia bibi, ameniuliza kama mgeni ni mjane. Nitawakalisha kwenye sinia lile, mmoja aseme bela na mwingine aseme belote, nami nitawatengenezea chai. La pili, mtu yeyote akikaa kwenye meza hii na kuuliza jina hili limetoka wapi, nitamwambia hakuna ajuaye kwa hakika, na nitamweleza wanayosema huku na wanayosema kule. Lakini nitaanza kwa Mzee Kisimba, mpishi wa Kalemie, na nitalisema jina lake kwanza kabla ya kumgawia karata.

Lala salama, Mwalimu. Hukuwa mwongo, ulipenda tu hadithi iliyo nzuri, na mimi nimekusamehe hata lile la jikoni. Naye amekusamehe, nilimsikia akikwambia kwenye kiti kitupu kabla sijakaa.

Ilirudi, baba. Ziko thelathini na mbili. Nimezihesabu mara mbili, na mara ya pili nimehesabu kwa sauti ili usikie.

Mwanao,
Neema